Bi Kiuno Anyooshwa kwa Amri

Nchi yetu hairudi nyuma. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Ni sheria, na imeandikwa juu ya mlango wa kila ofisi, hata ofisi ambazo milango yake imeibwa. Mtukufu Kinara aliitangaza redioni mwaka aliposhika uongozi, kwa sauti iliyotufanya wote tusimame, tuliokuwa tumekaa na tuliokuwa tumelala. Tangu hapo magari yakatolewa gia ya nyuma. Mtu akiipita nyumba yake kwa bahati mbaya, huzunguka wilaya nzima mpaka aifikie tena. Walimu waliacha kufundisha kutoa, wakabaki na kujumlisha. Mimi ni raia mtiifu na nakiri kwamba tulipata utulivu mkubwa, ingawa wengi wetu tulichelewa sana kula chakula cha jioni.

Taabu ilikuwa Mlima Lukware. Juu yake kuna mji wa Kwaukungu, ambako watu wanalima viazi na kukamua ng'ombe. Chini yake kuna Bondeni, penye soko, hospitali na kila jambo linalohitaji mhuri. Zamani palikuwa na barabara, lakini wataalamu waligundua kwamba kila gari lililopanda kwa barabara ile hatimaye lilishuka, yaani lilirudi. Barabara ikafutwa kwa heshima zote, bendi ikapigwa. Ikabaki reli nyembamba ambayo mtu mzima anaweza kupanua miguu akasimama juu ya vyuma vyote viwili.

Treni nayo ilikuwa na kesi yake. Kituo cha Kwaukungu kimebanwa kati ya jabali na korongo, hakuna pa kugeuzia kichwa cha treni. Kichwa kikipanda vizuri, hushuka kinyumenyume, mchana kweupe, watoto wa shule wakiangalia. Serikali iliona aibu. Ikatuma ujumbe wa watu wengi na wake zao kuzunguka dunia nzima, na baada ya miaka wakaleta kichwa cha treni ambacho hakina nyuma.

Nakieleza kwa sababu wengi wenu hamjakiona. Tanuri la moto liko katikati. Kutoka hapo tumbo la maji linakwenda huku na jingine linakwenda kule, kila upande una bomba lake la moshi, taa yake na boriti yake ya mbele. Dereva husimama kushoto kwa tanuri na mchochea moto kulia, wakiongea kupitia juu ya moto, na hakuna anayeweza kuvuka kwa mwenzake mpaka treni isimame. Kikipanda, kinakwenda mbele. Kikishuka, kinakwenda mbele. Tulifurahi, na abiria wa kwenda Bondeni wakaandikiwa kwenye tiketi kwamba wanasonga mbele kuelekea chini.

Lakini uzuri wake hasa ulikuwa chini ya tumbo. Magurudumu yake hayakufungwa moja kwa moja kwenye mwili. Yalikuwa makundi mawili, kila kundi limeshikwa na pini nene na linaweza kugeuka peke yake. Kikiingia kwenye kona, magurudumu ya mbele yanaelekea huku na ya nyuma yangali yanaelekea kule, na mwili mzima unapita kwa madaha. Serikali ilikiita Daima Mbele Namba Moja. Watu wa mlimani walikiita Bi Kiuno, na kina mama wa Kwaukungu walikuwa wakikipigia vigelegele kila kikipinda.

Kona zilikuwa nyingi, ila iliyoogopwa ilikuwa Kona ya Mkwe. Iliitwa hivyo kwa sababu abiria wote walinyamaza walipoikaribia, wakakaa vizuri na kutengeneza nguo. Reli pale inajikunja karibu ijiguse, na chini yake kuna korongo ambalo mtu akitupa jiwe hasikii lilipoangukia.

Karakana ya Bondeni ilikuwa na desturi iliyomtangulia Kinara, na kwa hiyo hatukuitaja sana mbele za wageni. Mtu akitengeneza kichwa cha treni, safari ya kwanza hupanda yeye mwenyewe, akaketi juu ya boriti ya mbele, miguu ikining'inia, mpaka Kwaukungu. Alipokuja Bi Kiuno mwenye mbele mbili, desturi ikapanuka. Boriti moja ya fundi, na boriti ya pili ya mkubwa aliyemtuma fundi. Hakuna aliyekuwa akisimamia jambo hili kwa fimbo. Fundi alimaliza kazi, akanawa mikono, akapanda. Nadhani ndiyo maana katika karakana ile hujapata kuona boliti iliyolegea.

Basi mwaka ule Mtukufu Kinara akaja mlimani kuzindua msimu wa viazi. Walimwekea jukwaa karibu na Kona ya Mkwe ili aone mandhari. Bi Kiuno akatokea na mabehewa yake, akaingia konani, akapinda. Kina mama wakapiga vigelegele. Kinara alidhani ni vyake, akainua mkono, kisha akaona kwamba macho yote yako kwenye treni. Akatazama vizuri. Akaona mali ya serikali inazungusha kiuno mbele ya mkuu wa nchi.

"Nchi yenye msimamo haipindi," alisema kwenye kipaza sauti. "Hiki kinachopinda nani amekiruhusu?"

Waziri wa Msimamo, Mheshimiwa Lugome, aliinuka akajibu kwamba hakuna aliyekiruhusu, kwamba yeye mwenyewe amekuwa akiumwa na jambo hilo kwa muda mrefu hata hapati usingizi, na kwamba kabla ya sikukuu ya uhuru kichwa kile kitakuwa kimenyooka kama maneno ya Mtukufu. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, mikono ilikuwa na baridi.

Akaletwa Mhandisi Kihwele kutoka mji mkuu, kijana mpole mwenye watoto wawili katika shule ya wizara. Alichomelea mabamba ya chuma pande zote za zile pini, magurudumu yakashikana na mwili yakawa kitu kimoja. Kisha wakakijaribu kichwa kwenye kipande cha reli kilichonyooka nyuma ya kituo, na kwenye reli iliyonyooka kilinyooka ajabu. Redio ikatangaza kwamba kazi ile haikufanywa na fundi yeyote. Mtukufu Kinara alishika mashine ya kuchomelea mwenyewe, bila miwani, na cheche zikayaheshimu macho yake. Siku hiyo Mtukufu alikuwa ng'ambo anatibiwa meno, lakini uongozi wake ulikuwepo. Ubavuni mwa Bi Kiuno pakabandikwa kibao cha shaba: Kimenyooshwa kwa mikono ya Mtukufu Kinara.

Nataka niwe mkweli hapa. Hakuna aliyedanganyika. Kihwele alijua, waziri alijua, wauza karanga wa kituoni walijua, kwamba kichwa kile kikifika Kona ya Mkwe hakitapinda, kitatoka relini na kuyavuta mabehewa yote korongoni. Hatukupungukiwa na elimu hata kidogo. Tulikuwa tunaogopa tu, kila mmoja na lake.

Dereva wa Bi Kiuno alikuwa Namkunda, mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, ambaye alikuwa amewapeleka nusu ya watoto wa Kwaukungu kuzaliwa hospitalini na kuwarudisha nyumbani wakiwa wamevikwa kofia za sufu. Samahani, kuwasogeza mbele nyumbani. Alikwenda kwa Kihwele akamuuliza usoni kama anajua alichokifanya. Kihwele alitazama huku na huku, akamshauri augue siku ya sikukuu. Namkunda alikasirika kwa namna ambayo sijapata kumwona nayo. Alimwambia akiugua yeye watamweka mwingine, na watoto watakufa vilevile, tofauti ni kwamba yeye atakuwa kitandani.

Huyo mwingine tayari walikuwa naye. Alikuwa shemeji yake, Mbonea, mchochea moto. Wizara ilimwita, ikamvisha kofia ya udereva yenye nembo ya dhahabu, ikamwambia ajiweke tayari endapo dada yule ataleta matata. Mbonea aliipokea kofia. Kwa siku zote zilizofuata aliongea na Namkunda juu ya moto habari za mvua na bei ya unga, na kofia akaifunika kwa gunia la makaa.

Sikukuu ikafika. Nilikuwepo, kwa sababu kutokuwepo kulikuwa kosa. Mabehewa yalijazwa watoto wa shule waliochaguliwa kwa unyoofu wa migongo, nao walifundishwa wimbo wa msimamo. Mama zao walisimama kituoni Bondeni wakiwa wamevaa vitenge vyenye picha ya Kinara, na waliambiwa kwamba siku ya leo machozi yatahesabiwa kuwa ni ya furaha. Niliwaona wakitazama kule juu ambako reli inapotelea kwenye kona. Niliona aibu iliyonifanya nitazame viatu vyangu.

Hotuba zilipokwisha, Namkunda alishuka kutoka kwenye kichwa cha treni, akafuta mikono kwa kitambaa, akamwendea Kinara.

"Shikamoo, Mtukufu."

Kinara ana mtu wa kumwitikia marahaba, na mtu huyo aliitikia. Namkunda akaeleza, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika, kwamba hapa Bondeni tuna desturi ya kumheshimu aliyetengeneza kichwa cha treni kwa kumpa kiti cha mbele katika safari ya kwanza. Angependa kujua leo heshima hiyo ni ya nani.

Mhandisi Kihwele alianza kutafuta kitu mfukoni mwake ambacho nadhani hakikuwepo. Lakini Waziri Lugome alikuwa mtu asiyeweza kuona sifa inapita bila kuidaka. Alichukua kipaza sauti akasoma kibao cha shaba kwa sauti, neno kwa neno, akasema mjadala haupo. Umati ulishangilia. Kilichoanzia kwa kina mama kilikuwa makofi ya taratibu, mazito, ambayo mtu wa kutoka mji mkuu angeyachukulia kuwa mapenzi. Likaletwa kochi jekundu, likafungwa kwa kamba juu ya boriti. Kinara akapanda, akaketi, akapunga mkono. Alipendeza, siwezi kumnyima.

Ikabaki boriti ya pili, ya aliyemtuma fundi. Sasa nani anaweza kumtuma Kinara? Mama mmoja muuza maziwa akakumbusha kwamba Mtukufu husema kila siku ametumwa na wananchi, na kwamba Mheshimiwa Lugome husema kila siku yeye ndiye sauti ya wananchi. Waziri alijaribu kueleza kuwa sauti haina haja ya kukaa. Walimfunga kwenye kiti cha ofisi upande wa pili, kwa kamba iliyobaki.

Hapo ndipo Namkunda alipokwenda kusimama mbele ya kochi.

"Mtukufu, nakwambia mbele za watu, ili baadaye asitokee mtu akasema hukuambiwa. Kichwa hiki hakipindi tena. Ile kona unayoiona pale juu kinaiacha, kinakwenda korongoni. Wewe ndiye utakayefika wa kwanza, na hawa watoto watakuwa nyuma yako."

Kinara alitazama reli. Nafikiri ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama reli kama kitu kinachokwenda mahali. Akamwita Kihwele, akamuuliza kama ni kweli. Kihwele alikuwa analia waziwazi, kamasi zikimtoka, akasema ni kweli, hakipindi, na kwamba yeye ndiye aliyechomelea. Yule mwitikia marahaba alizimia.

Lililofuata lilikuwa gumu kisheria. Kinara alitaka kushuka, lakini alivyokuwa amepandishwa, kushuka kungekuwa kurudi alikotoka. Alifikiria kushukia ubavuni. Mwanasheria wa Serikali alitafutwa, akatoa rai kwamba kwenda ubavuni ni kurudi nyuma kwa awamu. Kinara akatuma mtu upande wa pili kumwagiza waziri aahirishe safari. Waziri akatuma jibu kwamba kuahirisha ni mamlaka ya Mtukufu mwenyewe. Mjumbe alikimbia kati ya mbele na mbele mpaka akavua viatu.

Kamishna Mbwilo wa polisi alikuwa na amri moja tu mfukoni, nayo ilisema treni iondoke. Akamwamuru Namkunda apande akaendeshe.

"Siendeshi," Namkunda alisema.

Kamishna alitoa pingu akamwonyesha.

"Nifunge. Watoto wa watu siwapeleki korongoni, wala huyo mkubwa wako simpeleki. Siendeshi."

Kamishna hakubishana. Alimgeukia Mbonea, akamwambia dereva mpya achukue nafasi yake. Sote tulimtazama. Mbonea alilifunua gunia, akaitoa ile kofia, akaivaa. Nilisikia mama mmoja nyuma yangu akiguna. Mbonea alimtazama shemeji yake kwa muda, kama mtu anayeomba radhi na hajui aanzie wapi. Kisha akaivua kofia, akafungua mlango wa tanuri, akaitupa ndani. Nembo ya dhahabu ilitoa moshi wa kijani. Akashika koleo refu, akaanza kuuburuta moto wote nje, kaa kwa kaa, ukaanguka juu ya mawe chini ya reli.

Aliponyooka jasho lilikuwa linamtoka kidevuni. Aliwaambia kina mama wawashushe watoto wao.

Hawakungoja kuambiwa mara mbili. Watoto walitolewa milangoni na madirishani, wengine wangali wanaimba wimbo wa msimamo kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache. Polisi walisimama tu. Wengi wao walikuwa wenyeji wa Kwaukungu, na baadhi ya wale watoto walikuwa wao.

Namkunda aliomba patasi na nyundo. Zikaletwa kutoka karakana, na misumeno ya chuma, na tupa. Wakaingia chini ya tumbo la Bi Kiuno, yeye na mafundi na yule muuza maziwa na kina mama wengine wasiojulikana majina, vitenge vya Kinara vimekazwa kiunoni, wakaanza kukata. Kihwele aliingia pia, akawaonyesha alipochomelea haraka haraka, mahali ambapo chuma kingeachia mapema. Kinara, juu ya kochi, alituma amri waache. Akatuma amri ya pili, kali zaidi. Akatuma ya tatu, hiyo ilikuwa na neno tafadhali. Mjumbe aliinama chini ya kichwa cha treni kuzipeleka, na mara ya tatu walimpa tupa, hakutoka tena.

Kamishna Mbwilo alisoma tena karatasi yake. Haikusema lolote kuhusu patasi.

Nilikuwa nimesimama nimeshika bendera ndogo ya karatasi. Sijui nilianza saa ngapi, ila nilijikuta nimelala chali kwenye mafuta na vumbi, nasugua chuma, vidole vinatoka damu, na nina furaha ambayo sijawahi kuipata katika mikutano yote niliyohudhuria kwa lazima.

Bamba la mwisho liliachia alasiri. Magurudumu yalijitikisa kidogo kwenye pini zake, na mtu fulani akapiga kigelegele kimoja. Mbonea akawasha moto upya. Namkunda akatoka chini, uso mweusi kwa masizi, akaenda mbele ya kochi.

"Shuka, Mtukufu. Kazi yako tumeivunja. Hapo sasa panakaliwa na waliotengeneza."

Kinara alisema kwa sauti ya zamani, ile ya redioni, kwamba yeye harudi nyuma.

"Basi shukia mbele."

Alitazama chini. Mbele palikuwa na mataruma ya reli na mawe. Alishuka taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyempa mkono. Akaanza kutembea juu ya reli akipanda mlima, na mtangazaji akaliambia taifa kwamba Mtukufu ameamua kuitangulia treni. Namkunda alimpigia filimbi. Alitembea mpaka kwenye shamba la viazi la kwanza, akaingia humo, na walinzi wake wakaingia wakimfuata. Mheshimiwa Lugome alifunguliwa kamba. Yeye hakuwa na tatizo lolote la kisheria, alikimbilia upande aliopenda.

Watoto walipandishwa tena, na safari hii kina mama ndio walioamua. Ilipofika zamu ya boriti, walioshika patasi walikuwa wengi kuliko nafasi, kwa hiyo walikaa mapajani mwa wenzao, mbele zote mbili, miguu ikining'inia. Nilibanwa kati ya Kihwele na muuza maziwa. Tulipofika Kona ya Mkwe watu wote walinyamaza. Chini ya miguu yangu hapakuwa na kitu ila ukungu. Magurudumu yakageuka, mwili ukafuata, na Bi Kiuno akapita kona kama alivyoizoea. Nililia, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akihesabu machozi, nililia kwa raha zangu.

Kamishna Mbwilo alikuwa katika behewa la mwisho pamoja na askari wake. Kituoni Kwaukungu alishuka, akajisafisha koti, akamkamata Namkunda kwa kosa la kuipindisha mali ya serikali. Namkunda alinyoosha mikono. Pingu zikafungwa. Kisha kamishna akatazama jabali, akatazama korongo, akatazama ile sehemu yenye nyasi iliyokuwa barabara. Mahakama iko Bondeni, na treni ilikuwa moja. Akamuuliza Mbonea kama anaweza kuishusha. Mbonea alimjibu kwamba yeye ni mchochea moto, na udereva wake uliungulia tanurini.

Basi kamishna akamwambia mfungwa aendeshe. Namkunda alimtazama, akamwonyesha pingu. Zilifunguliwa. Alipanda upande wake wa kushoto, Mbonea akapanda wake wa kulia, na kamishna akasimama nyuma ya dereva akiwa ameshika bastola na, kwa mkono wa pili, bomba la maji lililokuwa la moto.

Walipoanza kuikaribia Kona ya Mkwe alimwomba, kwa sauti ya chini isiyo ya kikazi, apunguze mwendo.

"Weka hiyo bastola chini, afande, ukae," Namkunda alisema, mkono kwenye mpini wa mvuke. "Hii naiendesha mimi."